Gari Lililopona Gereji Tu

Mara tatu gari la zahanati lilitangazwa kuwa limepona, na mara tatu lilizimika kwenye makutano ya kwanza ya barabara. Ukikanyaga mafuta lilikwenda bila maneno. Ukisimama tu, ule mngurumo mdogo wa kusubiri, ambao mafundi huuita silensa, ulianza kutetemeka, kisha kimya. Wiki iliyopita lilimzimikia mkunga akiwa na mama mwenye uchungu kiti cha nyuma. Mtoto alizaliwa mbele ya taa za barabarani, madereva wakipiga honi kana kwamba wanashangilia.

Sasa wakubwa walikuwa wameandika barua: lisipotengemaa leo, kesho linakwenda makao makuu kubeba viti vya mikutano. Viti, walieleza, havizai njiani. Mkunga atatembelea wajawazito wake kwa miguu.

Ndiyo maana alikuwa hapa gereji tena, ndani ya gari, mbele ya fundi mkuu aliyeitwa Sikio.

"Kimya!" Sikio alifoka.

Gereji nzima ikanyamaza. Aliyekuwa akigonga nyundo aliishikilia hewani. Sikio akazima feni ya gari, akazima taa zake, akamwamuru mkunga atoe mguu kwenye breki. Kisha akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali.

"Plagi," akasema.

"Ulibadilisha Jumatatu, fundi."

"Basi pampu ya mafuta."

"Hiyo Alhamisi."

"Mama, lisikilize mwenyewe. Hili lina ugonjwa gani?"

Kweli, lilinguruma kama paka aliyeshiba. Hapo ndipo mkunga alipokunja uso. Miaka kumi na minane alikuwa akihudumia watu wanaosema "sijambo" huku wameuma meno.

"Fundi, mara zote hizi hujaniuliza swali hata moja."

"Nikuulize nini? Gari si mjamzito!"

Watu wakacheka mpaka nyundo ikaanguka. Ambaye hakucheka alikuwa fundi umeme peke yake, aliyekaa juu ya tairi langoni. Sikio hakuwa amemsemesha tangu siku fundi huyo aliponunua kipimo cha umeme, maana Sikio aliona masikio yake yametukanwa.

Mkunga akafungua daftari lake la wagonjwa, ukurasa wa mwisho.

"Jumanne, makutano, taa kubwa na feni: lilizimika. Jumatano, mvua, waipa na feni: lilizimika. Ijumaa, taa kubwa na feni: lilizimika. Jumamosi, sikuwasha kitu: halikuzimika."

"Basi usiwashe kitu," Sikio akasema. "Dawa umeipata, na bure."

"Na mvua ikinyesha?"

"Toa kichwa dirishani."

Mkunga akawasha taa kubwa. Mngurumo ukashuka. Akawasha feni. Boneti ikaanza kutetemeka. Akakanyaga breki, taa za nyuma zikawaka, na gari likazimika.

"Umeliua!" Sikio akashika kichwa.

"Nimekuonyesha linapoumwa. Wewe kila siku unalivua mzigo wote, halafu unashangaa halilalamiki."

Fundi umeme akainuka. "Dada, hebu niruhusu." Akachukua waya mnene, upande mmoja akaubana kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye chuma kitupu cha injini. "Sasa washa kila kitu."

Taa, feni, waipa, hata honi. Gari likanguruma bila wasiwasi. Akautoa waya: likatetemeka.

"Umeme unatoka betri vizuri," akasema. "Shida ni njia ya kurudi."

Akapapasa hadi kwenye boliti inayoshika waya wa hasi kwenye bodi. Iling'aa kwa rangi ya fedha. Watu wakatazamana. Kila alichotengeneza, Sikio alikipaka rangi ya fedha, ili ijulikane ni mkono wa nani. Mwezi uliopita aliufungua waya ule, akapaka rangi nzuri juu ya chuma, kisha akaufunga juu ya rangi, nayo rangi haipitishi umeme.

Sikio akakohoa. "Nilikuwa naelekea hapo hapo."

"Kupitia pampu ya mafuta?" fundi umeme akauliza.

"Nyamaza, nasikiliza!"

Lakini msasa aliushika mwenyewe. Alikwangua rangi yake mpaka chuma kikaonekana, akakaza boliti. Mkunga akawasha vyote, mguu kwenye breki, akatazama saa yake kama anayehesabu mapigo ya moyo. Dakika tano. Halikutikisika. Akaandika daftarini: *Anapumua vizuri.*

Simu ikalia. Mke wa mwashi, uchungu umeanza.

"Subiri kidogo, mama!" Sikio alikuja mbio na kopo na brashi. "Nipitishe rangi kidogo tu. Pakibaki wazi hivyo patanitia aibu."

Mkunga akaichukua brashi mkononi mwake taratibu, kama anavyomwondolea mtoto wembe. "Asante sana, fundi." Akaitia mkobani, kati ya pamba na glavu, akaondoka.

Kwenye makutano, taa ilikuwa nyekundu. Akasimama, feni ikizunguka, taa zimewaka, gari likinguruma. Viti vya makao makuu vitafute usafiri mwingine.