Simu ya Daktari Mkononi Mwangu

...na hapo ndipo nilipoidaka, simu ya daktari, kabla haijagusa sakafu, kwa mkono huuhuu ambao mdomo wangu ulikuwa haujamaliza kuutangaza kuwa haushiki kitu, haushiki kabisa daktari, hata kijiko, nilikuwa nimefika kwenye kijiko, simu ikatetemeka juu ya meza, ikajisogeza kama kaa mpaka ukingoni, ikaanguka, na mkono ukaenda wenyewe, gumba na kidole cha mwisho, ndivyo nilivyobakiwa navyo upande wa kulia, na sasa wote tunaitazama, Daktari Prisca, Gervas wa hesabu na kikokotoo chake, mke wangu Hafidha aliyejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na mimi, mwongo wa Bigwa, dereva mstaafu kwa lazima, nimenyoosha mkono kama golikipa anayesubiri kupigwa picha, na simu bado inaita, Fundi Gesi, jina linawaka kwenye kioo... "Kumbe mzee unadaka," anasema Gervas, na mimi nacheka, bila shaka nacheka, nilicheka Kasumbalesa wezi waliponivua viatu, nilicheka Beira nilipolala chini ya lori wiki nzima nikila maembe, sura hii haijui kazi nyingine, Hafidha alinionya njiani, Baba Asha leo usichekeshe watu, leo kaa kama mgonjwa, na jirani yetu Sufiani, bingwa wa sheria za kijiweni, akanifundisha, sema haushiki kitu, ukikubali unashika hata sindano umekwisha, maana mpaka ni thelathini, asilimia za ulemavu zikizidi thelathini unalipwa fidia kila mwezi mpaka unaingia kaburini, zisipozidi wanakupa mkupuo, hela zote mara moja, na kwaheri, na mkupuo naujua mimi, mkupuo unakuja Ijumaa, mashemeji wanakuja Jumamosi, Jumatatu umebaki wewe na kigutu chako... Gervas alikuwa anajumlisha vidole vyangu kama mafungu ya nyanya, shahada hiki, kati hiki, pete hiki, kila kimoja na bei yake kwenye jedwali, jumla ishirini na nane, ya kuongezea itategemea daktari ataonaje kiganja kinavyofanya kazi, basi ndiyo hicho, kimefanya kazi, hakijafanya kazi vizuri hivi tangu nitoke wodini... kidole cha shahada, nikikaa tahiyatu nainua hicho kigutu, Mungu anajua nilichokusudia, Gervas yeye alibonyeza tu... na wewe mkono, nani alikutuma, ndivyo ulivyokwenda hata kule Mgeta, njia imelowa, niko chini nakagua kamba, lori la tajiri limejaa kabichi na breki zimekwisha, breki nilizolalamikia mpaka tajiri akaniita mwanasiasa, lori likaanza kurudi nyuma polepole, kama mtu anayeaga, na juu ya viroba amekaa Theresia muuza njegere, anamenya chungwa, hana habari, na mkono ukaokota jiwe ukaenda nalo chini ya tairi, haukuniuliza, lori likasimama, Theresia akashuka na chungwa lake, vidole vitatu vikabaki kule, na tajiri akaja hospitali kuuliza kwa nini kabichi zilichelewa Dar... mkono huu hauwezi kuona kitu kinaanguka ukatulia, ndiyo ugonjwa wake, huo nao una asilimia ngapi... "Mzee Pazi," anasema daktari kwa upole, mtoto mzuri, nilipoingia aliniamkia shikamoo, "nisaidie simu yangu," ndiyo daktari, hii hapa, chukua, na siiachii... naliambia gumba ondoka, gumba halisikii, kidole cha mwisho kimejikunja kama ndoana, mishipa waliyoishona imekaza, ndivyo huwa, nyumbani nikishika kikombe nimeshika, mpaka Hafidha aje anibandue, huku mimi nawaambia wageni nilimposa kwa mkono huuhuu, mnadhani angetokea wapi, wanacheka, tunaendelea na chai, na ile siku ya sufuria, nimeiepua motoni nikashindwa kuiachia, nanusa ngozi yangu mwenyewe inavyoungua na mkono bado umeikumbatia, hiyo nayo nikaigeuza kichekesho, nikaisimulia harusini Dumila, watu wakagaragara, mmoja akanitunza elfu tano... kumbe sikuwa na haja ya uongo wa Sufiani, nilikuwa na ukweli mbaya zaidi nyumbani, nimeuvika kofia ya kuchekesha mpaka mimi mwenyewe siutambui, na sasa nani ataniamini, mkono wa kushoto unainuka kuja kubandua, naurudisha pajani, hapana, leo hapana, leo waone... simu imenyamaza, inaanza tena, huyu fundi ana moyo, Hafidha ameteremsha mtandio, hajizibi mdomo tena, "Mwache kwanza," anamwambia Gervas aliyekwisha kunyoosha mkono kuichukua, anajua, humu ndani anajua yeye tu, na uso wangu unatafuta kile kicheko chake cha siku zote, unapapasa, haukipati, nasikia sauti inatoka, kavu, ya mtu mzima, sijui ilikuwa wapi miaka yote hii, "Daktari, samahani, nilisema vibaya. Kushika, mkono unashika. Kuachia ndiyo hauwezi. Uliniunguza na sufuria kwa sababu hauwezi kuachia," na hakuna aliyecheka, hata mimi, Gervas kidole kiko juu ya kikokotoo, anamtazama bosi wake, na daktari anainama, anautazama mkono kwa karibu, anaivuta simu kidogo, haitoki, anaona, nimemwona anaona, anafungua jedwali, anaweka kidole chake cha shahada, kizima, kimepakwa hina, anashuka nacho ukurasa mpaka chini, anafunua, anashuka tena, taratibu, anarudi juu, Fundi Gesi anatetemeka mkononi mwangu...

"Humu wameandika kushika tu, mzee. Kuachia hakumo," anasema. "Gervas, weka ishirini na nane."