Daktari Amesema Tuvute Subira

…maana zimejaa tena, hata kitana kinakwama, na Waya anakichomoa na kusema, "Dada, nywele zako hizi zimekuwa msitu," na dada mtu, aliyekaa sakafuni katikati ya magoti ya mdogo wake, shingo ameiinamisha, anajibu mmh, ile mmh fupi ya mgonjwa isiyo na pumzi, anayoitoa siku hizi bila hata kufikiri, huku moyo unamwambia haya basi, hata nywele zimeanza kusema, kwa sababu si zilikuwa zikitoka mafungu mafungu baada ya kukatwa tezi, zinabaki kwenye mto, kwenye sinki, kwenye kola ya gauni, na Waya akiziokota kimyakimya na kuzitupa, akidhani mwenyewe hajaona, na sasa zimesimama nyeusi, ngumu, zinashindana na meno ya kitana, na mwenye kichwa amekaa hapa anajifanya hoi… "Inama kidogo," Waya anasema, naye anainama, taratibu, kwa kuugua kidogo, kwani mtu hoi hainami hivihivi, na papo hapo anaona haya, kule kuugua kumetoka kwa ufundi mno, angekuwa mtoto angechapwa. Mikono ya Waya ina harufu ya ile tepu nyeusi ya kufungia nyaya, mikono ya fundi umeme, ngozi ya vidole imekuwa ngumu kama kwato, na husuka nywele kama anavyosokota shaba, anagawa, anakunja, anabana, anahakikisha hapatafunguka, lakini shingoni akifika anakuwa mwingine, vidole vinapita juu ya kovu kwa woga, kama vinapita juu ya waya usiojulikana kama una moto, na kovu lenyewe wala haliumi, halijauma siku nyingi, limelala tu pale chini ya koo kama mkunjo wa nguo… jina la Waya alimpa marehemu baba yao kwa wembamba wake, hata mtoto mwenyewe hajajua waya ni nini, halafu ajabu likawa kazi, alipokuwa msichana alipanda juu ya paa kuunga antena ya jirani, watu wakamshangilia na dada mtu akasimama chini roho mkononi, amekinga kanga kana kwamba kanga ingeweza kumdaka, kwa sababu tangu mama alipofariki, Waya akiwa bado anang'oka meno ya utoto, wa kumdaka alikuwa yeye peke yake… "Msimamizi amepiga tena asubuhi," Waya anasema, kwa sauti ya kupitisha muda, "anataka jibu leo, kabla hawajafunga ofisi," na dada mtu anasikia neno leo, linaingia kama maji ya baridi sikioni, anasema mmh.

Leo. Msimamizi wa watu, hajui hata sura yake, sauti tu aliyoisikia ikikwaruza kwenye simu, ana subira huyo, kampuni nzima inatandaza nyaya za umeme huko mbali ambako vijiji vizima bado vinawasha vibatari, wakamchagua Waya, msichana mmoja kati ya wanaume tupu, aanze kazi, na barua… hapana, hakukuwa na barua, walimpigia tu, naye akaruka pale pale sebuleni mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio, halafu juma lile lile daktari akasema tezi hii inatoka, haingojei. Na ni kweli haikungoja, ilikuwa imevimba kama yai lililokwama njiani, moyo unamwenda mbio akiwa amekaa, mikono inatetemeka, pale hotelini anakonyoosha mashuka pasi ikamponyoka ikachoma shuka, ikachoma na meza chini yake, na mkuu wa chumba cha kufulia akamtazama akamwambia, mama, nenda hospitali, sura yako imekwisha. Wakakata. Aliamka midomo inafanya ganzi na vidole vinachoma kama amekalia mikono, muuguzi akaleta vidonge, na Waya alikuwepo, amekaa na viatu vyake vya kazi, akamsugua vidole kimoja kimoja akisema, "Nimewaambia wanisubiri, usiwe na wasiwasi, dada," na baada ya pale ukaja ule uzito, ah, ule uzito haukuwa wa uongo, huo hata mbele ya Mungu atausimamia, uso umevimba, baridi mpaka kwenye mifupa na nje jua linawaka, anatafuta neno kijiko halipatikani, anamwambia Waya nipe hicho, hicho cha kukorogea, anaamka amechoka kuliko alivyolala, na kila asubuhi kidonge kile kidogo kabla ya kula chochote, Waya amesimama na glasi ya maji, chai iko mezani inangoja mpaka kidonge kishuke… huo ulikuwa ugonjwa, ulikuwa halali yake.

Shida ilianza alipopona. Daktari aliongeza kipimo cha dawa, zikapita wiki, halafu asubuhi moja aliamka akajikuta ameshakaa, miguu iko sakafuni, hakuna aliyeisukuma, kichwa cheupe kama dirisha lililooshwa, akasimama akatandika kitanda, akapiga shuka likanyooka kama la hotelini, akalitazama, akafurahi, halafu akasikia Waya anakohoa chumba cha pili… akalitandua. Hilo ndilo la kwanza, na hata leo hajui mkono ule uliitangulia vipi akili, alilivuta shuka akaingia tena ndani, akafumba macho, na Waya akaja na glasi ya maji akasema, "Umeamkaje, dada yangu?" kwa sauti ile, sauti ambayo hakuwahi kuambiwa na mtu tangu mama, kwa sababu nani alimuuliza yeye ameamkaje, miaka yote ile ya kuamka wa kwanza, kuwasha jiko, kutafuta soksi ya pili ya Waya, nani, akasema, "Hivyo hivyo tu," na uongo ukapita kooni laini kabisa, hakuna tezi ya kuuzuia. "Umelala?" Waya anauliza sasa, kitana mkononi. "Niko macho." "Nikikuumiza sema." Akikuumiza… na anamwumiza nani hapa, mtu ambaye juzi, Waya alipokwenda kufunga taa za kanisani, alisogeza kabati, kabati zima na nguo zake ndani, akafagia nyuma yake vumbi la zama na zama, akapanda ngazi na kushuka bila sababu, kwa raha tu ya kuisikia pumzi ikimtii, halafu akalirudisha kabati akilenga alama za miguu yake sakafuni kama mwizi, na jirani wa chini alipouliza zile kelele zilikuwa za nini akamjibu ni mafundi, mafundi gani, jirani akasema, akajibu mafundi tu, na jioni Waya akamkuta amejifunika blanketi mpaka kidevuni, anatoka jasho, maana baridi yenyewe ilishaondoka zamani, anapikwa na blanketi lake mwenyewe, na yule mtoto akamshika paji la uso akasema una homa, akaenda kuloweka kitambaa, na alikuwa na vumbi la dari kwenye nyusi, na alikuwa hajala.

Lakini hata hayo ni michezo, kabati na blanketi ni michezo, angeweza kuja kuyacheka. Kliniki je. Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, aligeuza karatasi ya vipimo akasema, "Damu yako imekaa vizuri, mama, kidonge utaendelea nacho maisha yako yote, lakini kazini unaweza kurudi, fanya mambo yako," dada mtu akamshukuru, akampa na mkono, akatoka, Waya alikuwa kwenye benchi la korido, amekumbatia mkoba wa dada yake kama mtoto wa kuazima, simu iko mkononi, msimamizi yuko kwenye simu, aliinua uso, na uso ule ulikuwa na tumaini lililojificha, tumaini linaloona haya kwamba lipo, akauliza, "Amesemaje?" na yeye, aliyemfundisha huyu mtoto kusema kweli, aliyemrudisha dukani na peremende mdomoni akaungame, alishika ukuta kidogo akasema, "Daktari amesema tuvute subira." Na Waya alitazama simu, akaiweka sikioni, akasema, "Bado kidogo, bosi," na wakarudi nyumbani, amemshika mkono kwenye kila kidaraja cha mtaro. Kwa nini, sasa. Angeulizwa hivyo mahakamani angesema nini, kwamba alitaka siku moja zaidi ya kuulizwa umeamkaje, siku ikawa juma, kwamba nyumba hii Waya akitoka itakuwa na kiti kimoja kinachokaliwa, kwamba alimlea na sasa naye… hapo anajikata mwenyewe, kwa sababu sentensi ile ina mkia mbaya, hataki kuuona, sasa naye alipe, ndivyo inavyoisha, na mtu hamlei mtoto kwa mkopo… kitana kinapita, kinachora njia katikati ya kichwa, mafuta yanashuka nyuma ya sikio, "unajua nimewaza," Waya anasema, "mmh," "nimewaza nimwambie msimamizi tu basi, ampe mwingine," na dada mtu anangoja kusikia uchungu kwenye sauti, amejiandaa kuubeba, lakini hauji, sauti iko shwari, inakaribia kuwa nyepesi, "kwani hapa pana ubaya gani, kazi ndogo ndogo zipo, taa, soketi, na kule nguzo zao ni ndefu, dada, ndefu hasa." Ndefu. Waya amesema ndefu. "Zamani ulikuwa unapenda juu," anasema, anaisikia sauti yake kama ya mtu mwingine, na Waya anacheka kidogo puani, "Zamani. Siku hizi hata pale kanisani nilishika ngazi miguu ikanitetemeka, nilimwomba mhudumu anishikie chini. Kila nikipanda nawaza simu italia, wataniambia dada yako ameanguka bafuni. Naota, unajua. Niko juu ya nguzo, simu inalia mfukoni, siwezi kuifikia. Basi nikajiambia kumbe Mungu amenisaidia, nimepata sababu, nikae tu na wewe."

Mtaani mtu anaburuta meza. Mahali fulani bomba limeachwa wazi. Nimepata sababu… na dada mtu, ambaye siku zote hizi alijihesabu mwizi wa muda, mwizi wa vitu vidogo, glasi ya maji, kitambaa cha kichwa, akijiambia muda unarudishwa, nitapona pole pole kwa mpango, Jumatatu nitainua kikombe, Jumanne nitafagia, atakwenda tu, anaona sasa alichokuwa akichota, anakiona chote, msichana wa juu ya paa na watu wanashangilia, hana hata haja ya kutazama chini, na mikono ya nani iliyomshusha, si ugonjwa, ugonjwa ulimkuta Waya na ukamwacha mzima, ni blanketi, ni ile mmh, ni kuugua kwa ufundi, dozi ndogo ndogo kila asubuhi mpaka mtoto ameingiwa na woga kwenye magoti na anamshukuru Mungu kwa huo woga. Anatamani Waya angelia. Angesema umeniharibia. Kuliko huu wepesi, huu wepesi wa mtu aliyezoea chumba kidogo mpaka anakisifu… nyamaza, sehemu yake moja inasema, nyamaza tu, amechagua mwenyewe, umemsikia, mtakaa wote, utapona mwezi ujao, hakuna atakayejua, na ubaya ni kwamba ni kweli, hakuna atakayejua, yule daktari mwenye macho ya usingizi hata jina lake hakumbuki, na kesho asubuhi glasi ya maji itakuja, umeamkaje dada yangu, na yeye atainywa, ataweza, hilo ndilo linalomtisha, ataweza kabisa.

"Waya." "Mm?" "Mpigie msimamizi. Mwambie unakwenda." "Na wewe?" "Mimi nimepona." Vidole havikusimama, vilimaliza mkunjo vilioushika, vikaubana, vikachukua mwingine. "Tangu lini?" Waya akauliza, na jibu jepesi lilikuwepo, lilishafika mdomoni, tangu juzi, tangu leo asubuhi nimejisikia nafuu, lilikuwa tamu na lingeaminika, na ilimbidi alimeze kwa nguvu, kama kidonge kisichotaka maji. "Tangu siku ile ya kliniki. Kabla yake kidogo. Daktari alisema damu imekaa vizuri, nirudi kazini. Hakusema tuvute subira. Nilisema mimi." Mikono ikasimama. Alingoja magoti yale mawili yaondoke mabegani mwake, alingoja kitana kitupwe, mlango, viatu vya kazi kwenye ngazi, akawaza akitoka na aende, aende moja kwa moja mpaka huko kwenye nguzo, na kichwa changu kibaki nusu, watu wanione nacho hivi… magoti hayakuondoka. Juu yake Waya alikuwa anapumua kwa mdomo, kama anavyopumua akitafuta hitilafu ukutani. Alitaka kusema nisamehe, akaona ni kuomba kitu kingine tena. Kisha kitana kikarudi, kikachora njia mpya karibu na sikio, kikakwaruza ngozi. "Inama," Waya akasema, na haikuwa sauti ya kumsemesha mgonjwa, na vidole vikashika nywele kwenye mizizi, vikavuta, vikavuta kwa nguvu ambayo haijatumika juu ya kichwa hiki tangu upasuaji, macho yakamjaa maji, na dada mtu akainama, akakaza shingo, akamwacha avute.