Mwenye Kadi Lazima Awepo

Ijumaa mchana Najma Jabiri alishuka kwenye kirikuu cha mizigo mbele ya hoteli moja ya Mikocheni akiwa na begi la mgongoni, bunduki ya gundi na mabawa mawili ya kunguru, kila moja refu kuliko dereva aliyemleta. Aliyatengeneza kwa mbavu za miavuli mibovu na vitambaa vyake vyeusi, miavuli aliyoiokota na kuiomba Kigamboni nzima masika yote. Kwenye bajaji yaligoma kuingia. Kwenye pantoni yalivuka yamelazwa juu ya magunia ya mkaa, na mama mmoja akauliza bei.

Mabawa hayo ndiyo yaliyomfanya ahitaji chumba. Tamasha la mashabiki wa katuni lilikuwa linafanyika ghorofa ya juu ya hoteli hiyo, Jumamosi na Jumapili, na washindani wa mavazi walitakiwa kuwa ukumbini asubuhi na mapema, wameshavaa. Najma angekuwa Binti Kunguru, shujaa wa katuni ya mtandaoni anayeiba vitu vya matajiri kisha akavisahau juu ya mabati ya maskini. Alikuwa na furaha ile inayomfanya mtu acheke peke yake njiani, na alikuwa ameanza kucheka tangu kivukoni Magogoni.

Mapokezi palikuwa na kijana mmoja mwenye tai fupi, Valerian. Aliyaangalia mabawa, akaangalia lifti, akamwambia atumie ngazi.

"Chumba umelipia kwa simu, nimeona," alisema. "Bado dhamana."

"Nayo nalipa kwa simu."

"Dhamana haiingiagi kwa simu, dada. Ni kadi tu. Hatukati hela, tunashikilia. Ukiondoka hujavunja kitu, tunaachilia."

Najma alikuwa ameonywa kuhusu jambo hilo kwenye kundi la washindani, kwa hiyo alikuja na kadi. Ilikuwa ya baba yake. Nyumbani kwao hakuna mwingine aliyewahi kuwa na kadi ya benki. Hela zao zote zinaishi kwenye simu na kwenye kopo la maziwa. Mzee Jabiri alikuwa mkata tiketi kivukoni, akilipwa mshahara kupitia benki, na alifariki mwaka juzi. Kuifunga akaunti kulihitaji karatasi za mirathi, mahakama, na baba wadogo watatu wasiosalimiana, basi ikaachwa. Kadi ilikaa kwenye kabati la vyombo, katikati ya vikombe vya kahawa vya harusi. Namba ya siri waliijua watu wote wa nyumba ile na jirani mmoja.

Valerian alisoma jina kwenye kadi. "Jabiri Mashaka. Siyo wewe."

"Baba yangu."

"Mwenye kadi lazima awepo."

"Alishafariki."

"Pole sana," alisema Valerian, na alimaanisha. "Lakini lazima awepo. Weka namba ya siri."

Najma aliweka. Mashine ilifikiri kwa muda, ikatoa karatasi, na Mzee Jabiri akaingia kwa mlango wa mbele akijifuta miguu kwenye zulia. Alikuwa amevaa shati lake la kazini la bluu na kandambili. Hakuwa amenenepa wala kukonda.

"Shikamoo baba," alisema Najma.

"Marahaba. Hujambo? Yale ni nini?"

"Mabawa."

"Naona ni mabawa. Ya nini?"

Valerian alimwomba mzee kitambulisho. Kilikuwa mfukoni mwa shati, kimechakaa kidogo upande mmoja. Valerian akakitoa nakala, akasoma karatasi ya mashine, akawaeleza kwa adabu kwamba salio la mzee halikufikia kiasi kinachotakiwa, hivyo mfumo umelishika salio na umemshika na mzee mwenyewe. Angekaa pale kwenye kochi la mapokezi mpaka dhamana iachiliwe. Maji ya kunywa ni bure. Asivuke ukingo wa zulia, kwa sababu akivuka, chumba cha binti kitajifunga na kila kilichomo.

"Sawa," alisema Mzee Jabiri, akaenda kukaa.

Najma alitegemea baba yake angebisha, akasahau ni baba wa namna gani. Huyu ndiye mtu aliyemtoza mkewe nauli ya pantoni siku ya pili ya ndoa yao, mbele ya mashoga zake, akamrudishia chenji.

Kochini mzee alimkuta mwanamume mmoja mnene aitwaye Godlisten, mshereheshaji wa harusi kutoka Moshi, aliyelala hotelini hapo usiku mmoja wakati wa Pasaka. Hotelini walimwambia dhamana yake iko benki, benki wakamwambia iko hotelini, akaamua kukaa katikati mpaka itokee. Alikuwa na mto wake, mswaki, na ubao wa drafti uliochorwa kwenye boksi, kete zikiwa vizibo vya soda. Hotelini wameshamzoea, wanamfagilia chini ya miguu.

"Mzee unacheza?" aliuliza.

"Nilikuwaga nacheza," alisema Mzee Jabiri, akapanga vizibo.

Jioni ile Najma alipiga simu nyumbani. Mama yake, Bi Zuena, alisikiliza mpaka mwisho.

"Kavaa nini?"

"Lile shati la bluu la kazini."

"Lile nililitoa sadaka."

"Basi wamelirudisha."

 Bi Zuena akauliza, polepole, watamshikilia mpaka lini. Najma alikuwa ameuliza swali hilohilo mapokezi, na Valerian alimjibu kwamba baada ya mgeni kuondoka ni siku saba hadi kumi na nne za kazi, na kwamba kumi na nne ndiyo kawaida. Godlisten aliongezea kutoka kochini kwamba hata hiyo kumi na nne ni maneno ya kufariji tu.

"Basi hakuna haraka," alisema Bi Zuena, na sauti yake ilikuwa imepanda kama ya msichana. "Siwezi kwenda kumwona mume wangu na miguu hii. Nipake hina. Nisukwe. Nimpikie kitu. Jumatatu nakuja. Mwambie asiondoke."

"Hawezi kuondoka, mama."

"Wewe mwambie tu."

Jumamosi hoteli ilijaa. Ngazi zilipandwa na majini, marubani wa sayari zisizojulikana, na dada mmoja aliyejivika boksi za friji akawa roboti. Singeli ilipigwa mpaka glasi za baa zikasogea zenyewe. Najma alipita raundi ya kwanza, akashuka ngazi mbilimbili kwenda kumweleza baba yake, mabawa ameyaacha juu. Mzee alikuwa akitazama dari.

"Huko juu wanajenga?"

"Wanacheza, baba. Nimepita. Kesho fainali."

"Fainali ya nini?"

Alimweleza. Alimweleza yote: Binti Kunguru, miavuli, gundi iliyomuunguza vidole, jinsi bawa la kushoto lilivyogoma kufunguka mpaka akavunja fremu ya dirisha la chooni kupata springi. Aliongea kwa kasi, kwa sababu hajawahi kupata nafasi hiyo. Baba yake alipokuwa hai aliyaita mambo hayo vinyago, na alisema kwa upole. Mara moja tu Najma alimwomba aje kumwona, kwenye ukumbi wa shule, na mzee akasema ana zamu. Alikuwa na zamu kweli. Alikuwa na zamu siku zote.

"Kesho una zamu?" aliuliza Najma.

Mzee Jabiri alifikiri. "Sina," alisema. "Lakini nimeambiwa nikae hapa."

"Ni ghorofa moja tu, baba. Vitu vyangu acha vifungiwe."

"Nimeambiwa nikae." Alisogeza kizibo. "Kunguru enzi zangu nilikuwa nawafukuza kwenye kibanda cha tiketi. Wananyakua chenji mkononi mwa mtu. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu. Wako ana kijivu shingoni?"

Hakuwa nacho. Usiku ule Najma alikata soksi ya kijivu ya Godlisten, aliyeitoa mwenyewe, akashona kola.

Jumapili mchana walimwita jukwaani wa tisa. Alipanda, akafungua mabawa, na ukumbi wote ukapiga kelele ambayo Mzee Jabiri aliisikia kutoka chini. Sheria ilikuwa mshindani asimame kwenye alama nyekundu mpaka muziki uishe, ndipo majaji wainue namba zao. Najma alisimama kwenye alama. Aliwatazama watu wote wale, wengi, wenye simu juu, akaona kwamba anayemtaka hayupo.

Akashuka jukwaani kwa upande wa mbele. Msimamizi alimwita jina, akamwita mara ya pili. Watu walidhani ndiyo sehemu ya onyesho, wakampisha, kisha wakamfuata: roboti, majini, marubani, na mtu wa muziki akibeba spika begani waya ukiburuzika. Kwenye ngazi mabawa yalikwaruza ukuta pande zote mbili na kuacha mistari myeusi. Majaji watatu walibaki mlangoni mwa ukumbi, halafu nao wakaja.

Najma alisimama kwenye ukingo wa zulia, mbele ya kochi, akayafungua mabawa yake mpaka mwisho. Moja lilifika kwenye kaunta ya Valerian, jingine likafunika friji ya soda. Alikuwa akihema. Mzee Jabiri aliweka kizibo chini. Alimtazama kuanzia miguuni, bila haraka, kama alivyokuwa akitazama tiketi, akafika shingoni.

"Kijivu kimekaa," alisema.

Halafu akainua mikono yote miwili na kumfukuza, shuu, shuu, vilevile alivyowafukuza wale wa kibandani, akicheka mpaka machozi yakamtoka, na Najma akaruka zulia lote akizunguka kochi huku mabawa yakipiga, na watu wakashangilia mpaka mlinzi wa geti akaja kuchungulia. Hajawahi kuwa na furaha kama ile, na alilijua hilo palepale ilipokuwa inatokea.

Majaji walimpa nafasi ya tatu. Angekuwa wa kwanza, walisema, ila aliondoka kwenye alama nyekundu. Zawadi ya nafasi ya tatu ilikuwa vocha ya kulala usiku mmoja katika hoteli hiyohiyo, na chini kabisa iliandikwa kwamba haihusu dhamana. Najma aliona ni zawadi ya ovyo. Mtu wa Kigamboni asiye na mabawa ya kusafirisha alale Mikocheni kufanya nini? Akaikunja, akaitia kwenye begi.

Jioni alikabidhi chumba. Valerian alikagua, akaandika taulo moja lenye rangi nyeusi na ukuta wa ngazi. Mzee alibaki kochini.

"Mama anakuja kesho," Najma alimwambia.

"Aje na kofia yangu," alisema. "Baiskeli kaiuza?"

"Kaiuza."

"Sawa. Ilikuwa na kelele."

Jumatatu mama na binti walivuka wote wawili. Bi Zuena alikuwa na hina mpaka vifundoni, nywele za mistari zilizosukwa usiku kucha na Mauwa wa nyumba ya pili, khanga mpya, wanja, na hotipoti ya wali wa nazi na samaki changu wa kupaka. Kofia ya mumewe aliibeba ndani ya mkoba, imefuliwa na kupigwa pasi. Njia nzima alikuwa akipanga: leo angekaa mpaka magharibi, kesho angekuja na kahawa, keshokutwa wangekuja baba wadogo watatu wakasalimiane mbele yake na mirathi iishe. Kwa siku kumi na nne za kazi mtu anaweza kufanya mengi. Alimuuliza Najma kama Idi inahesabiwa siku ya kazi.

Kochini alikuwepo Godlisten peke yake. Ubao wa drafti ulikuwa mbele yake, mchezo umefika katikati.

"Imeachiliwa saa mbili asubuhi," alisema Valerian. Alitazama chini ya kaunta. "Mimi mwenyewe sielewi. Hatujawahi kuachilia mapema, tangu nimeanza kazi. Mfumo ukiamua umeamua. Meseji ilitumwa kwa mwenye kadi."

Meseji ilitumwa kwenye laini ya Mzee Jabiri, na laini hiyo ilikuwa ndani ya simu isiyo na chaji, kwenye kabati la vyombo.

"Aliaga?" aliuliza Bi Zuena.

"Aliaga," alisema Godlisten. "Alisema nisiguse kete, ni zamu yake. Sijagusa."

Bi Zuena alikwenda kukaa mahali pa mumewe. Godoro la kochi lilikuwa bado limebonyea. Alikaa na hotipoti mapajani, na Najma akasimama pembeni, akijua ni yeye aliyempa zile siku kumi na nne.  Godlisten alimuuliza Valerian kuhusu dhamana yake, na Valerian akamjibu iko benki.

Halafu Bi Zuena aliweka hotipoti mezani. "Ile karatasi uliyoshinda," alimwambia bintiye. "Iko wapi?"

Najma aliitoa kwenye begi, imekunjika. Bi Zuena aliinyoosha kwa kiganja cha hina, akaenda nayo kaunta.

"Mwanangu, hii inafaa leo?"

Valerian aliisoma pande zote mbili. "Inafaa, mama. Chumba kipo. Ila dhamana itahitajika."

"Kwa kadi."

"Kwa kadi, mama."

"Na mwenye kadi lazima awepo."

"Lazima," alisema Valerian.

Bi Zuena alifungua fundo la khanga yake, akatoa kadi ya mumewe, akaweka namba ya siri bila kutazama. Mashine ikaanza kufikiri. Godlisten alisogea akaacha nafasi kwenye kochi. Bi Zuena aligeukia mlango wa mbele, akatoa kofia kwenye mkoba akaishika kwa mikono miwili, kisha akamuuliza Najma, kwa sauti ya chini, kama wanja wake umekaa sawa.