Kuni za Tanuri

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, fundi viatu alichelewa ibada kwa sababu hakujua marehemu mke wake alikuwa anaweka wapi shati lake la kanisani. Alitafuta sandukuni, akatafuta kwenye kamba, akatafuta hata ndani ya gunia la viatu vya watu. Mwishowe alilikuta chini ya godoro, mahali mkewe alipokuwa akililaza kila wiki ili linyooke kwa uzito wao wawili. Upande alioulalia yeye ulikuwa umenyooka vizuri. Upande wa mkewe ulikuwa na mikunjo. Alilivaa hivyo hivyo, akatupia koti juu yake, akaenda.

Alipofika, Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri. Nafasi iliyobaki ilikuwa kwenye benchi la pembeni, ukuta wa kushoto, ambako siku hizo watu hawakupenda kukaa. Ukuta huo ndio uliomwangukia mke wake. Alikwenda kufagia kanisa kama kawaida yake, kazi aliyoifanya bila malipo tangu wakiwa wachumba, ukuta ukamlalia akiwa na ufagio mkononi. Kamati ya ujenzi iliusimamisha upya kabla udongo wa kaburi haujakauka, kwa matofali yale yale yaliyobaki, eti yasije yakaharibika bure. Wakapiga plasta, wakapaka rangi, na watu wakasema umependeza.

Matofali hayo hayakuwahi kupita motoni. Jambo hilo lilijulikana. Waumini walileta kuni za kuyachomea, zikarundikwa nyuma ya kanisa karibu na tanuri. Kisha Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akamwoza binti yake, na kuni zikahamia nyumbani kwake zikapikia harusi. Mwenyekiti alisema zitarudishwa, kila kitu kina utaratibu. Ndiyo maana watu walimwita Bwana Utaratibu, ila si mbele yake. Harusi ilifana. Kanisa zima lilikula likashiba, fundi na mkewe wakiwemo, na mkewe akasifia mchuzi. Matofali yakaanikwa juani, yakapanda ukutani mabichi, halafu mvua ikaja.

"Majaribu ni tanuri," Mchungaji alikuwa akisema mimbarani. "Imani isiyopita motoni ni tope. Ndugu yetu huyu, mnamwona anaingia, Mungu amempitisha motoni. Atatoka imara kuliko alivyoingia."

Watu wakaitikia amina. Fundi hakuitikia. Alikuwa amechoka mno. Aliketi, akaegemeza mgongo.

Wakati huo palikuwa na ufa ulioanzia dirishani, unashuka taratibu, vumbi likidondokea vitabu vya nyimbo. Fundi alipoegemea, ufa ulijifunga, kama mdomo wa mtu aliyekumbuka kwamba kuna mgeni chumbani. Waliposimama kuimba naye akasimama, na ufa ukafunguka tena. Kipande cha plasta kilimwangukia begani bibi mmoja wa benchi la mbele. Bibi alijipangusa, akageuka.

"Hebu kaa, baba. Imba umekaa."

Akakaa. Ufa ukajifunga. Wakati wa sadaka alitaka kuinuka, lakini Bwana Utaratibu alimnyooshea kiganja kutoka kiti cha mbele.

"Usisumbuke. Kapu litakufuata."

Na kapu likamfuata.

Ibada ilipokwisha, kamati ilikutana pale pale benchini. Bwana Utaratibu alimwomba fundi ainuke, akautazama ufa. Akamwomba akae, akautazama tena. Alifanya hivyo mara kadhaa, kama mtu anayejaribu bomba jipya kabla ya kumruhusu fundi bomba aende.

"Hii ni neema," alisema Mchungaji, akiupapasa ukuta. "Nilisema atatoka imara. Sikujua ingekuwa haraka hivi."

"Ubomoeni," fundi alisema. "Chomeni hayo matofali mjenge upya. Mimi nina kibanda changu, nina viatu vya watu."

"Viatu vitaletwa hapa hapa," alisema Bwana Utaratibu. "Kuna mwanga mzuri."

Fundi alimgeukia Mchungaji. "Mchungaji, matofali ndiyo yaliyotakiwa kupita motoni. Siyo mke wangu."

Mchungaji alimshika bega kwa upole. "Na uchungu huo nao ni sehemu ya jaribu," alisema. Halafu wakaondoka, maana chakula kilikuwa kinawangoja mahali.

Fundi naye angeweza kuondoka. Alijaribu, asubuhi ya Jumanne. Lakini siku za kazi kanisa lilikuwa chekechea, na watoto walipangwa kwenye ukuta wa kushoto kwa sababu ya huo mwanga. Alipofika mlangoni alisikia kitu kinakatika kama biskuti. Aligeuka akaona ufa umefika sakafuni na watoto wamepandisha miguu juu ya benchi, wanaendelea kuimba herufi zao. Akarudi akakaa. Hakufanya hivyo kwa ajili ya kamati, na kama kuna mtu wa kamati anayesema vinginevyo, ni mwongo.

Basi akahamia pale. Akaletewa nyundo, sindano, uzi, gundi na kile chuma chake chenye umbo la mguu. Wanawake wa kwaya walijigawia zamu za kumpikia. Watu waliacha viatu vyao asubuhi, wakavichukua jioni, na wengine wakasema kiatu kilichoshonewa kanisani hudumu zaidi, jambo ambalo halikuwa kweli, uzi ulikuwa ule ule. Viatu vya Bwana Utaratibu vilikuwa vimelika visigino tu, kama vya mtu aliyezoea kusimama nyuma akielekeza. Fundi alivitengeneza. Kamati ikamnunulia mto wa kukalia, na ikatangaza ibadani kwamba imemnunulia mto.

Jioni, kanisa likishabaki tupu, ufagio ulisikika nje ya ukuta. Ulifagia kutoka pembe ya nyuma hadi chini ya dirisha, bila haraka, kisha ukaegemezwa mahali. Halafu mgongo ukaegemea ukuta kwa upande wa pili. Fundi alilisikia joto lake likipita kwenye matofali, chini kidogo ya mabega yake, kwa sababu mkewe alikuwa mfupi.

"Umekula?" mkewe aliuliza.

"Nimekula."

"Hilo shati umelivaa na mikunjo yake."

"Nimelivaa."

"Wanaume," alisema mkewe. Tangu hapo alikuja kila jioni. Fundi alielewa sasa kwa nini ukuta ulikuwa unasimama. Peke yake asingeuweza.

Katikati ya juma moja binti yao alifika, ametoka mbali, tumbo limemtangulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kule mbali kidogo na ukuta."

Binti hakukaa. "Nimekuja kukuchukua. Chumba kipo, kitanda kipo. Siku yangu ikifika nitamshika mkono nani? Mume wangu akiona damu anaanguka kabla yangu."

"Kamsalimie mama yako kwanza. Yuko hapo nje, amemaliza kufagia."

Binti aliukaribia ukuta, akaweka kiganja. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona sauti imekonda?"

"Safari, mama."

"Unakula udongo?"

"Kidogo tu."

"Acha. Huo wa hapa usiuguse kabisa, haujaiva."

Binti alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge akatoka kumtafuta Bwana Utaratibu. Alimkuta uani, anapima kitu kwa hatua zake.

"Mzee, naomba muubomoe ule ukuta mnipe baba yangu. Mmeshamchukua mama."

"Pole sana, mwanangu. Kubomoa ni rahisi. Lakini tukibomoa, watu watauliza tulijengaje. Wakianza kuuliza, imani ya wale wachanga itayumba."

"Unaoyumba ni ukuta, mzee."

"Hauyumbi. Umeuona mwenyewe. Toka uanze kushikwa, haujayumba hata siku moja."

Na hilo lilikuwa kweli. Wakubwa hawa husema uongo kidogo sana kuliko watu wanavyodhani. Wanachukua kilicho kweli wanakikalia.

Aliporudi ndani alimkuta baba yake ameshasimama, koti amevaa, gunia la viatu ameliweka kando. Ufa ulikuwa umefika katikati. Kwa nje mkewe aliguna, kama mtu aliyeongezewa ndoo kichwani. Baba na binti walitazamana. Kisha baba akavua koti, akakaa. Binti akamkunjia lile koti nyuma ya kiuno, akauweka vizuri na ule mto wa kamati.

"Nikijifungua nitamleta mumwone," alisema. "Nyote wawili."

"Usimlete karibu na ukuta," baba akajibu.

Akaondoka peke yake.

Jioni ya kesho yake fundi hakugusa chakula. Ufagio ulifika chini ya dirisha, ukatulia, joto likaja mgongoni.

"Sali," alisema mkewe.

"Sina maneno. Yote anayo Mchungaji."

"Basi usisali. Kaa."

Fundi alikaa. Kisha akauliza, "Na Mungu, umeshamwona?"

"Bado niko nje, nafagia. Lakini hupita."

"Anasemaje? Naye anasema ni jaribu?"

"Hajasema hivyo. Kila akipita anauliza kuni zilikwenda wapi."

Fundi aligeuza kichwa, sikio likagusa plasta. "Anauliza kweli?"

"Kila siku. Kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu aliyepoteza kitu chake."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Namwambia zilipikia harusi. Anasema hilo analijua. Anataka kusikia kutoka kwa aliyezichukua."

Fundi aliegemeza kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alisali, na sala yake ilikuwa fupi. Alisema, "Hata mimi nauliza." Hakuongeza kitu, wala hakuomba kitu. Asubuhi yake walikuja kutundika ubao wa chekechea, na msumari ukakataa kuingia ukutani. Waliugonga mpaka ukapinda. Ukuta ulikuwa umekaza, na fundi alijua ni kwa nini. Imani yake ilikuwa imerudi, imara kuliko ilivyokuwa wakati mkewe yuko hai, vile vile Mchungaji alivyotabiri. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Jumapili, matangazo yalipokwisha, fundi alisema kwa sauti ya kawaida, akiwa ameketi:

"Kuni za tanuri zilikwenda wapi?"

Mchungaji alitazama kitabu chake. Bwana Utaratibu alitazama viatu vyake, ambavyo visigino vilikuwa vipya. Kisha yule bibi wa benchi la mbele, aliyekuwa anasinzia na kudhani ni sehemu ya ibada, akaitikia, "Bwana anajua."

"Anajua," fundi akasema. "Anauliza lakini."

Jumapili iliyofuata aliuliza tena. Safari hii walioitikia walikuwa benchi zima. Mchungaji hakumkataza, mtu anayeshika ukuta huwezi kumwambia atoke nje. Mwezi haukuisha, kanisa lote likawa linaitikia, wanaume kwa sauti ya chini na wanawake kwa sauti ya juu, na mwalimu wa kwaya akaona panafaa kinanda. Ikaingizwa kwenye utaratibu wa ibada, baada ya matangazo na kabla ya sadaka. Wageni kutoka makanisa mengine walipenda sana kipengele hicho. Fundi akiuliza kuni zilikwenda wapi, watu walifumba macho wakaitikia kwamba Bwana anajua, na aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote, mikono juu, machozi yakimtoka, alikuwa Bwana Utaratibu.

Binti wa fundi alijifungua salama. Alimleta mtoto, akamshikisha babu yake pale benchini kwa muda mfupi, akamwinua mpaka dirishani ili bibi yake amwone kwa nje. Bibi alisema masikio ni ya upande wa kwao. Kisha wakaondoka kabla jua halijazama.

Kamati nayo ilikaa kikao. Iligundua kwamba ukuta wa kushoto sasa ni imara kuliko ule wa kulia, na kwamba kwaya haina mahali pa kutosha. Ikaamua kujenga roshani ya kwaya juu yake. Kile alichokuwa akikipima Bwana Utaratibu uani kwa hatua zake kilikuwa hicho. Waumini walileta kuni nyingine, zikarundikwa nyuma ya kanisa karibu na tanuri, na baadaye hazikuwepo. Binti wa Bwana Utaratibu, yule aliyeozwa, alikuwa amempatia mjukuu, na palikuwa na sherehe.

Alhamisi matofali yalishushwa mlangoni. Moja lilibingirika hadi miguuni kwa fundi. Rangi yake ilikuwa ya tope. Alibonyeza kidole gumba, alama ikabaki. Aliliweka kando, akachukua kiatu cha mtu, akaendelea kushona mpaka mwanga ulipopungua na mafundi wa roshani wakashuka kwenye ngazi zao.

Nje ufagio ulianza pembe ya nyuma. Ulichukua muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu ya vumbi la matofali. Ulipofika chini ya dirisha ukatulia, na joto likaja, chini kidogo ya mabega yake.

"Wamesharudisha kuni?" mkewe aliuliza.

"Bado."

Juu yao kitu kilisogea kidogo, kikatulia.

"Basi egemea vizuri," alisema mkewe.