Herufi Tatu Chini ya Picha ya Chande

Zawadi alikuwa akigeuza makopa ya muhogo juani nyuma ya nyumba yao pale Msimbati, jirani yake Bi Ashura alipomjia na simu mkononi, uso umemjaa furaha. Mwanawe wa pekee, Chande, fundi wa kuchomelea vyuma huko Dar es Salaam, alikuwa amewekwa picha na rafiki zake kwenye status, karibu wote siku moja. Bi Ashura alitaka kujua herufi zilizoandikwa chini ya picha zina maana gani.

Walikwisha kuzoeana hivyo. Bi Ashura hakujua Kiingereza, na vijana wa siku hizi, Mungu awasamehe, wanaona uvivu hata kumaliza neno. Zawadi aliyefika kidato cha nne ndiye aliyemfundisha kwamba ASAP ni haraka iwezekanavyo, TBT ni picha ya zamani inayorushwa Alhamisi, na HBD, aliyoandikiwa Chande mwezi uliopita, ni kumtakia mtu heri ya siku ya kuzaliwa.

Safari hii ilikuwa RIP. Rest in peace, pumzika kwa amani. Laiti hata mmoja wao angeandika Inna lillahi, mama wa watu angejua mwenyewe. Lakini hao walikuwa kina Fredi na Isaya, wenzake Chande wa kazini, wakaandika walivyozoea.

"Ni kama ile HBD?" aliuliza Bi Ashura.

Kwao mzazi hapewi habari ya msiba kiholela, tena na binti mdogo. Wazee hukutana kwanza, mama akakalishwa mkekani, wanawake wenzake wakamzunguka, ndipo akaambiwa. Na Bi Ashura alikuwa na presha. Zawadi aliogopa kumuua.

"Ndiyo, mama. Ni kama hiyo."

Bi Ashura alipoondoka tu, Zawadi alikimbia kwa Mzee Hemedi, kaka yake Bi Ashura. Kumbe mzee alishapigiwa simu asubuhi: Chande alikuwa ameanguka kutoka ghorofani kazini. Ndugu wote walishaambiwa wafunge midomo mpaka shehe afike. Mzee akamsifu Zawadi kwa busara yake, na Zawadi, tuseme ukweli, alifurahi kusifiwa.

Wakati huo Bi Ashura alikuwa kibarazani kwake, akizinakili zile herufi kwa kidole kimoja. Aliituma picha ya mwanawe kwa ndugu wa Mikindani na Madimba, na RIP chini yake, na maua. Wao, kuona mama mwenyewe kaandika, wakajua amekwisha kuambiwa. Mdogo wake Riziki ndiye aliyewahi kumpigia, akilia, akimpa pole.

Wazee na Zawadi walipokaribia walikisikia kilio kabla hawajaingia uani. Bi Ashura alikuwa chini mchangani, peke yake, hakuna hata mtu wa kumshika. Zawadi alipopiga magoti kando yake, Bi Ashura alimwonyesha simu. Ujumbe wa mwisho ulikwenda kwa Chande mwenyewe, bado una tiki moja, haujamfikia: RIP mwanangu, Mungu akuzidishie.

"Nimemwandikia kwa mkono wangu," alisema. "Nilikuwa nacheka, Zawadi."

Zawadi akamwekea mkono begani. Bi Ashura akautoa, taratibu, mbele ya watu wote.