Mchina wa Uholanzi

Mimi Zeinab nina mdomo, hilo hata madam analijua. Lakini siku ile sikumlaumu mtu, maana kosa lilikuwa langu.

Sitti, mamake madam, aliletwa Malqa, kwenye nyumba nilimokuwa mtumishi, kutoka Jeddah nyumba yake ilipouzwa. Alikuja na sahani kubwa moja, nyeupe yenye michoro ya buluu, ameikumbatia njia nzima. Nikadhani ya Uchina. Madam akacheka.

"Ya Uholanzi hiyo. Waliwaiga Wachina tu. Aliyechora hajawahi kumwona Mchina hata mmoja."

Nikamtazama yule mtu wa buluu aliyechorwa sahanini chini ya mwavuli wake. Wallahi, pua ya Mzungu kabisa!

Basi nikafanya tulivyofunzwa Lamu. Kwa nyanya yangu sahani za buluu hukaa ukutani kwenye zidaka, na ole wako uzitie wali! Kila Alhamisi nyanya alizipangusa huku akiimba, nasi watoto tukikaa mkekani kumsikiliza. Nilivyoikumbuka nyumba ile, moyo uliniuma. Nikaiosha sahani ya Sitti, nikaiweka juu kabatini nyuma ya kioo, nikajiona nimempa heshima yake.

Sitti akaacha kula. Kuku, "mafi", yaani hataki. Tende, "mafi". Siku ya nne madam akalia jikoni: daktari amesema kesho alazwe, alishwe kwa mpira wa puani. Mimi nilishambembeleza, nikamfokea pia, Mungu anisamehe. Yeye macho kabatini tu.

Loo! Kumbe anangoja sahani yake. Zeinab, mjinga wewe!

Nikapanda kiti, nikaiteremsha, nikapakua wali wa maziwa juu ya yule Mchina wa uongo. Sitti akamega kwa vidole, akala. Akamega tena.

"Jeddah tulikula humu sote," akasema. "Mume wangu upande ule, watoto huku."

Halafu akausogeza wali upande wangu. "Yalla, kula."

Nikamtazama madam. Miaka miwili katika nyumba ile nilikuwa nikila jikoni, wima, peke yangu. Madam akafuta machozi, akanivutia kiti.

Nikakaa. Nikamega tonge la kwanza, nikala. Sitti akaniwekea la pili mkononi.