Mashine ya Mama Mishono

Ofisa wa kodi alikizunguka kile kijukwaa cha saruji katikati ya chumba. Mama Mishono alikijenga mwenyewe, akauza na kitanda alichofia mumewe ili mashine ipate nafasi.

"Mama yangu, mashine ya kudarizi iko wapi?"

"Kitendawili, mwanangu."

Ofisa akashusha pumzi. "Tega."

"Nina mgeni hajawahi kufika, lakini ananila mpaka sahani."

"Sijui."

"Basi nipe mji."

"Sina mji wa kukupa. Nina picha hii. Huyu si wewe?"

Alikuwa yeye, na kilemba kipya, mkono juu ya mashine inayong'aa, kama mama aliyeshika bega la bwana harusi.

"Ni mimi. Lakini mashine ilikuwa hiyo hiyo moja. Tulipanga foleni pale ofisini kwa kampuni, kila mwanachama wa mradi wao akapigwa nayo picha. Wakasema tukishalipa, itatufuata nyumbani. Nikalipa."

"Kampuni imetuandikia kwamba umeikodisha na unalipwa. Mapato hayo yana kodi."

"Sijaona hata senti."

"Walete waseme hivyo."

"Si wamefunga ofisi, wakahama?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe hujahama."

Wapagazi wawili aliokuja nao wakainyanyua cherehani yake ya miguu, ile iliyowasomesha wanawe. Uzi ulikuwa bado kwenye sindano. Gauni la mteja likawafuata, likiburutwa sakafuni mpaka mlangoni, ndipo uzi ukakatika.

"Hiyo si ya kudarizi," alisema Mama Mishono.

"Najua, mama. Hii ni dhamana. Ukiileta ile nyingine, unarudishiwa."

Kisha akainama, akabandika karatasi nyekundu juu ya saruji tupu: MALI HII ISIONDOLEWE.

"Ukiihamisha, ni jela."

"Hapo hapana kitu, mwanangu."

"Kwenye faili kipo."

Tangu siku hiyo Mama Mishono husikia mlio mle chumbani, ta-ta-ta, wa taratibu, kama wa mtu anayeshona sanda bila haraka. Akifungua mlango, mlio unanyamaza. Hupita akiambaa ukuta, amebana gauni lake lisije likanaswa.

Jana wifi yake, aliyekuja kumsaidia kufua, aliingia na beseni la nguo mbichi, akalitua juu ya kijukwaa.

"Ondoa, wifi," alisema Mama Mishono, kwa sauti ndogo. "Utaikwaruza."